Mama wa Ndani ya Sanduku

Qabale wa Yattani alikuwa na sauti ambayo Mungu haigawi kila siku. Alipokuwa msichana wa shule, walimu walimsimamisha mbele ya wageni asome, na nzi wakaacha kuruka. Mnabisha? Mimi nilikuwa getini nikiuza maziwa, na nzi wote walitua juu ya kibuyu changu wasikilize vizuri. Maziwa yale yaliharibika, lakini sikuona hasara.

Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya serikali. Hiyo ni miaka ya sabini na kitu, hapa Isiolo. Kulikuwa na ofisi moja, jina nalimeza, yenye chumba cha redio. Si redio ya nyimbo, ni redio ya kuita: mashine ya kijani, kubwa kama sanduku la nguo la bibi harusi, na betri za lori chini yake. Kwa mashine hiyo Isiolo iliongea na kambi za machifu kule ambako nyaya za simu hazikufika. Asubuhi, mchana na jioni, kila kambi iliitwa na kila kambi iliitika. Mtu amekufa, mvua imenyesha, majambazi wamechukua ngamia, chifu anaomba mahindi, yote yalipita pale.

Wanaume waliomtangulia walikuwa wakipiga kelele kama wanaofukuza fisi, na bado kambi zilisema hazisikii. Qabale hakupiga kelele. Alisema taratibu tu, "Kulamawe, Kulamawe, hapa Isiolo, unanipata? Ova," ova yaani zamu yako, na Kulamawe ikaitika kama mtoto aliyeitwa na mtu anayempenda. Siku moja alicheka kidogo akiwa hewani, na huko Garba Tulla kuku wakataga mchana kutwa. Haya, hiyo niachieni mwenyewe.

Alikuwa jirani yangu Kiwanjani, ukuta mmoja, choo kimoja. Mumewe, Kanchoro, alikuwa dereva wa lori la barabara huko upande wa Marsabit. Kanchoro alikuwa ameandikwa kazi ya kudumu na kupewa nyumba. Qabale, ambaye alimzidi kusoma, aliambiwa ofisini kwao kwamba mwanamke aliyeolewa nyumba yake iko kwa mumewe, hata kama mumewe yuko safari ya siku nzima. Na kazi yake ikabaki ya muda, leo wapo naye, kesho waweza kumwambia asante. Kwa hiyo alikuwa na hamu moja iliyomkaa kooni miaka yote: waiandike kazi ile iwe yake. Halafu akazaa, na hamu zikawa mbili. Aliitaka kazi, na alimtaka mtoto wake. Hakutaka kingine. Sijawahi kumsikia akiomba hata viatu.

Mtoto alikuwa msichana, Madina. Alizaliwa mwaka wa sabini na nane. Qabale alipewa miezi miwili ya uzazi na kuambiwa kwamba kwa kuichukua hiyo, likizo ya mwaka imekwisha. Akarudi kazini na mtoto mgongoni.

Siku ya kwanza Madina alilia hewani. Kambi ya Merti ikauliza, "Isiolo, mnafuga mbuzi humo ndani? Ova." Wakubwa wakasikia. Bwana Rimberia, mkuu wa ofisi, Mmeru mrefu aliyevaa soksi hadi magotini, akaja akasimama mlangoni.

"Habari, Mama Madina. Huyu naye serikali imemwajiri?"

"Hapana, bwana. Hajaomba mshahara, ameomba maziwa."

"Basi akanywee nyumbani."

"Nyumbani hakuna nyonyo, bwana. Nyonyo iko hapa, inaita Kulamawe."

Makarani walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Rimberia hakucheka. Alionyesha mlango kwa kalamu, na kesho yake mtoto alibaki kwangu.

Lakini alikataa maziwa ya kikombe. Alikataa ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia, alinitemea yote usoni kama mzee wa baraza aliyepewa chai baridi. Akaanza kukonda. Ndipo nikamwambia Qabale, "Binti yangu, sisi ni watu wa mifugo au si watu wa mifugo? Mbuzi anaenda malishoni, vitoto vinabaki zizini na mwanamke mzee. Mbuzi akirudi, vinanyonya. Tangu lini jambo hili likawa gumu?"

Akaniangalia. "Akoo," alisema, maana kwa Kiborana bibi ni akoo, na mji mzima ulikuwa ukiniita hivyo, "unataka kujenga zizi kwa serikali?"

"Nyuma ya serikali," nikasema. "Mbele hawataona."

Nikajenga. Nyuma ya ua wa ofisi palikuwa na uwanja wa miiba. Nilikata matawi, nikazungusha duara kama lile tunalowekea vitoto vya mbuzi, juu nikatupia magunia, chini nikatandika ngozi. Madina akawa wa kwanza. Wiki hiyo hiyo akaja mpiga chapa na wake, mfagiaji na wake wawili, na mwuguzi mmoja wa watu wa afya aliyekuwa akimfungia mtoto chumbani na kumwombea dua. Nilikaa na watoto wale kutwa. Wakilia wote kwa pamoja, fisi mmoja alikuwa akija kutoka korongoni kuwabembeleza, na mimi nikipumzika. Nilimlipa kwa mifupa.

Redio ya asubuhi ikiisha, mama zao walitoka mmoja mmoja, wakainama kupita kwenye miiba, wakanyonyesha, wakarudi wakijifuta. Kirimi, kijana aliyeletwa ajifunze redio kwa Qabale, alikuwa akichungulia dirishani na kuita, "Mwalimu, zizi linakulilia!"

"Hata wewe ulitoka zizini, Kirimi," Qabale alimjibu. "Ila mama yako alikutoa mapema, hukuiva."

Zilikuwa siku njema. Nawaambia hivyo kwa sababu hazikuwa nyingi.

Ikatangazwa kwamba mkubwa fulani anakuja kutoka mkoani. Mawe yakapakwa chokaa, maua yakapandwa yakiwa tayari yamekufa, na vibarua wakaambiwa waondoe takataka zote nyuma ya ofisi. Walikuja na majembe. Niliwaambia hii si takataka, hawa ni watu. Msimamizi wao akasema ameambiwa miiba, hakuambiwa watu, kwa hiyo watu nitoe mwenyewe. Nikawatoa nikiwabeba wawili wawili, nikawalaza juani juu ya leso yangu, na zizi likachomwa moto. Ule moshi ulifika hadi madirishani. Wanawake walitoka wakasimama, kila mmoja amebeba kalamu au ufagio.

Qabale peke yake aliingia kwa Rimberia. Mlango aliuacha wazi, ndiyo maana nilisikia.

"Bwana, kile chumba cha viti vibovu. Utupe hicho. Tutakifagia wenyewe, mlezi tutamlipa wenyewe."

"Viti vile ni mali ya serikali."

"Viti vibovu vina chumba, bwana, na watoto hawana."

"Mama Madina, mimi nina watoto saba. Umewahi kuwaona hapa?"

"Wanalelewa na nani?"

"Na mke wangu."

"Basi na mimi nitafutie mke."

Maneno hayo yalizunguka mji. Sokoni wanawake walikuwa wakisalimiana kwayo. Salaam aleikum, umepata mke? Bado, natafuta! Lakini kicheko kile kilimgharimu. Haikupita miezi mingi wakaja watu wa kuchagua mkuu wa chumba cha redio, kazi ya kudumu. Walimwita Qabale, wakamwuliza akizaa tena nani atashika mashine. Walimwita Kirimi, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mapacha wiki ile, wakamwuliza kama anapenda kuendelea na masomo. Wakampa Kirimi.

Qabale alitoka ofisini na kukaa kwenye kizingiti changu. Sikuwa na hadithi ya kumpa. Nilimpa maji.

Ningemlea Madina mimi, wallahi. Lakini mwezi ule homa iliniangusha, na mwanangu akaja akanibeba hadi kwake Gotu kama mzigo wa kuni. Qabale akajaribu wasichana wa kulea. Mmoja aliondoka na blanketi, mwingine aliondoka na askari. Huku mtoto anakonda, na huku Rimberia anasema siku atakayokosa kuita kambi kwa wakati ndiyo siku ya mwisho. Na kuacha kazi hakuweza. Kanchoro alikuwa ameoa mke wa pili huko Marsabit, na alipooa mkono wake ulisahau njia ya Isiolo. Mshahara wa Qabale ndio uliokuwa ukinunua unga wa kwake, wa wadogo zake, na wa mama mkwe wake, Asli, aliyekuwa Kulamawe na mbuzi wake wachache.

Asli ndiye aliyekuja. Alikuwa mwanamke mkavu, mnyoofu kama fimbo ya kuchungia. Alipanda lori la ng'ombe, akashuka na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na mtoto yule aliyekuwa amenitemea mimi akanywa kibuyu kizima. Akamaliza, akacheua.

"Mtoto wa kwanza ni wangu," Asli alisema. "Huko kwangu hakuna Rimberia. Wewe tulishe kwa mdomo wako, mimi nitamlea huyu."

Kwetu mke hamtaji mama mkwe kwa jina, na wala habishani naye akiwa amesimama. Qabale alikaa chini, akamnyonyesha Madina pale barabarani mbele ya wapakiaji wote, hadi lori likapiga honi. Halafu akamwinua, akampa Asli.

Nilirudi kutoka Gotu nikamkuta amejifunga kifua kwa kitambaa. Maziwa hayakuwa na habari kwamba mtoto ameondoka. Alikuwa akienda choo cha ofisi kuyakamua, chini, kwenye vumbi, halafu anarudi kuita Merti.

Ndipo likaja jambo la Jumatatu. Kule Kulamawe mshika redio wa chifu alikuwa Abduba, mtu mwema mwenye meno matatu. Yeye ndiye aliyesema hewani, "Isiolo, kuna mama hapa na mtoto, wanapita. Ova." Ni mwiko kutumia redio ya serikali kwa mambo ya nyumbani. Lakini Asli alikuwa akifika kambini kila Jumatatu, kuita kwa asubuhi kukiisha, na Qabale alikuwa akiuliza, kwa sauti ile ile ya kazi, "Kulamawe, mwenye nyumba yupo? Ova." Mwenye nyumba ndiye mama mkwe, kwa kuwa jina halitajwi. Kambi zote zilijua. Zilinyamaza, zikasikiliza, wala hakuna iliyoshtaki.

Jumatatu ya kwanza Abduba alimsogeza Madina kwenye maiki na mtoto akatoa sauti, si kilio, ni ile sauti ya kuongea na vidole vyake. Gauni la Qabale likalowa mbele, pande zote mbili. Kirimi, ambaye sasa alikuwa mkuu wake, aligeuka akatazama dirishani. Sitamnyima hiyo.

Mtoto akakua. Akaanza kuuliza. Na Asli, bibi mwenye mbuzi wa kuchunga na maji ya kuteka mbali, alifanya ambalo bibi yeyote angefanya, alimpa jibu fupi. "Mama yako yuko mle ndani ya sanduku."

Nani angemlaumu? Madina aliamini. Alikuwa akivalishwa shanga kwenda kumwona mama. Alikuwa akilisalimia sanduku kwa mikono miwili. Siku moja akiwa na miaka mitatu, alilibebea maziwa, na kabla Abduba hajageuka akayamimina juu kwenye matundu ya spika. Kambi ya Kulamawe ilinyamaza siku nne. Isiolo walidhani majambazi wamevamia, wakatuma gari la polisi, na polisi wakakuta mashine imeanikwa juani kama ngozi na nzi wanailamba. Hili si la kuongeza, muulizeni yeyote.

Mwaka huo Qabale alipata likizo yake ya kwanza tangu azae. Alinunua kanga, peremende na viatu vidogo vyekundu. Aliposhuka kwenye lori Kulamawe, alimkuta Madina mlangoni kwa Asli akipepeta uwele.

"Mimi ni mama," alisema.

Mtoto akamtazama viatu, akamtazama mkoba. "Mama yuko kwa Abduba."

Wanawake wa pale walicheka, na Qabale akacheka pia, maana ungefanya nini? Alijaribu kumwita kwa sauti ya redio, lakini redio ina mkwaruzo wake, ina upepo ndani yake, na koo la mtu halina. Mtoto alijificha nyuma ya bibi yake. Zile peremende alizichukua, akakimbia nazo kambini, akaziweka juu ya sanduku. Qabale alirudi Isiolo likizo ikiwa haijafika nusu. Mwaka uliofuata barabara ilifungwa na bunduki. Baada ya hapo akawa akisema ana kazi nyingi.

Kazi iliandikwa ya kudumu mwaka wa themanini na tatu. Alikuja kuniambia. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Sasa mwaka wa themanini na nne. Mimi nimezoea kuongeza mambo, mnanijua. Mwaka ule sikuwa na cha kuongeza. Ng'ombe walikufa wamesimama, wakabaki wamesimama. Harufu ilikuwa ikifika mjini na upepo wa mchana. Watu waliokuwa na mifugo ya kujaza bonde walikuja Isiolo na fimbo tu mkononi. Kulamawe watu walipikiwa mahindi ya serikali, na wazee wakawapa wajukuu sehemu yao wakisema wamekwisha kula.

Asubuhi moja nilikuwa dirishani pa chumba cha redio na watu wengine, tukisubiri habari za jamaa zetu. Qabale akaita Kulamawe. Abduba akachelewa kujibu.

"Isiolo, nina habari ya mwenye nyumba. Ova."

"Sema. Ova."

"Alilala vizuri. Hakuamka. Ova."

Tulimwona mgongo tu. Hakutikisika. Alisema, "Imepokelewa, Kulamawe. Ova." Akavuta pumzi, akaita Merti. Merti ikajibu, ikataja maiti wake, akawaandika. Akaita Garba Tulla. Alimaliza kambi zote ndipo akavua vile vya masikioni na kuviweka mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Madina aliletwa na lori la mahindi. Alikuwa wa miaka sita, amenyolewa kichwa kwa ajili ya bibi yake. Mashehe hawapendi hayo, lakini watu wa Asli walishika ya zamani. Ukiondokewa na wako, nywele zinashuka. Alishuka lorini, akampa Qabale mkono kama unavyompa mgeni, akasema salaam aleikum vizuri kabisa. Alikuwa na adabu. Adabu ile ilimuumiza Qabale kuliko matusi.

Hakumwita mama. Hakumwita kitu. Alifagia, aliosha vyombo, alilala pembeni mwa mkeka. Jumatatu ya kwanza akapotea. Tulimtafuta hadi mtoni, tukamkuta amesimama dirishani pa chumba cha redio, shanga zote shingoni, akingoja.

Fikirini. Ndani ameketi Qabale, anaongea. Mtoto anamwona mdomo ukienda. Lakini spika ya Isiolo haitoi sauti ya Isiolo, inatoa za wengine. Ilitoka ya Merti, ikatoka ya Garba Tulla, ikatoka ya Abduba. Mama hakutoka. Alingoja hadi mwisho, akarudi nyumbani akaniambia, "Sanduku la hapa ni bovu. Mama hakai humu."

"Mama ni huyu Qabale, mjukuu wangu," nikamwambia. "Sauti ni yake. Inaingia kwa waya hapa, inatokea kule."

Akanitazama kwa huruma. "Akoo, juzi uliniambia fisi alikuwa akikubembelezea watoto."

Mji mzima ulicheka uongo wangu miaka hamsini, nikafurahi nao. Siku ile niliusema ukweli ukaanguka chini kama jiwe.

Qabale naye alimwambia. Alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akilia. Mtoto akamfuta machozi, akamwambia asilie, Mungu atampa wake. Akaacha kula. Si kwa hasira, chakula kilikuwa kikikaa mdomoni tu. Kifua chake kikawa kama kibuyu kilichokauka, ule mwaka tulikwisha kuona wengi wa namna hiyo, na tulijua wanakoelekea.

Basi nikamwambia Qabale, "Kama anataka sanduku, tumpe sanduku." Watu wa barabara walikuwa na mashine yao upande wa pili wa mji, wakisikiliza kambi zile zile. Mlinzi wao alikuwa amekunywa maziwa yangu kwa ahadi tangu Mungu aumbe ng'ombe. Jumatatu iliyofuata nilimshika Madina mkono, tukaingia. Kule ofisini Kirimi alikuwa amekaa kando ya Qabale, na Qabale alijua anachofanya. Aliita kambi zote. Halafu akasema, ile sauti, na mkwaruzo, na upepo ndani yake:

"Madina. Madina wa mwenye nyumba. Unanipata? Ova."

Nimeona mvua ikishuka baada ya miaka miwili. Sijawahi kuona uso ukifunguka vile. Alilisalimia sanduku kwa mikono miwili. Mlinzi akabonyeza kitufe.

"Mama! Bibi amekufa. Mimi niko Isiolo. Ulikuwa wapi?"

"Nipo. Unakula? Ova."

"Sili. Mama, niko kwa mwanamke mmoja. Ni mzuri, ana viatu. Ananipa chakula kingi. Lakini analia sana, na anasema ati yeye ni wewe. Njoo unichukue."

Kambi zote zilikuwa zikisikiliza, kila mshika redio kuanzia hapa hadi Moyale, na hakuna aliyekohoa. Mlinzi alinitazama, mimi nikatazama chini. Nilijua Qabale ana jibu moja tu la kweli, na kwamba akilisema, mtoto atadhani hata sanduku limeanza kumdanganya, na hatakula tena kwa mkono wa mtu.

"Siwezi kuja," sauti ikasema. "Niko mbali. Kaa na huyo mwanamke. Kula chakula chake. Mimi nimemruhusu. Unanipata? Ova."

"Nakupata," Madina akasema. Akaongeza kwa adabu, "Ova."

Jioni ile alikula. Alimwambia Qabale, "Mama amekuruhusu." Qabale akasema, "Nimesikia." Akamwongezea uji.

Kirimi hakugeuka dirishani safari hii. Alishtaki. Labda aliogopa, kwa sababu mazungumzo yale yalisikika hata mkoani. Rimberia alimwita Qabale, akamwambia hawezi kumfukuza mtu wa kudumu kwa kosa moja, lakini redio asiiguse tena. Akapelekwa kwenye mafaili, kupiga mihuri. Mihuri haihitaji sauti. Kambi zikaanza kulalamika kwamba Isiolo haisikiki.

Jumatatu ikaja, nikampeleka Madina kwa watu wa barabara. Kirimi aliita, akapiga kelele, akamaliza. Mama hakutoka. Jumatatu ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, mtoto hakungoja hadi mwisho. Alivua shanga zake palepale, moja moja, akanipa nizishike, akatembea mbele yangu hadi Kiwanjani bila kuangalia nyuma.

Qabale alikuwa amerudi kutoka kazini, anavua viatu.

"Mama yangu amekufa," Madina akamwambia.

Qabale akafungua mdomo. Nilidhani atasema tena yale aliyokwisha kusema. Alimtazama mtoto aliyesimama wima mlangoni, nywele zimeanza kuota kichwani, nyeusi, fupi, kama majani ya mvua ya kwanza.

"Nani atakunyoa?" akamwuliza.

"Sijui. Bibi hayupo."

"Nikunyoe mimi?"

Mtoto akafikiri, halafu akakubali kwa kichwa.

Mimi nilishika beseni. Qabale alikaa kwenye kigoda, akamweka mtoto katikati ya magoti yake, akamlowesha kichwa kwa kiganja. Alimnyoa taratibu, kuanzia paji la uso kurudi nyuma, hakumkata hata mahali pamoja. Madina alilia kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu mkubwa, na Qabale alimwambia lia, lia mwanangu, alikuwa akikupenda. Alipomaliza alimfuta kwa ncha ya leso yake. Mtoto alikuwa amechoka. Akaegemea nyuma, kichwa kitupu juu ya kifua cha Qabale, akalala palepale.

Mguu wa Qabale ulikufa ganzi na hakusogea. Maji ya beseni nilienda kuyamwaga mwenyewe.